Maswali ya Wasomaji: Sindano ya Kortisoni kwa Mwanamichezo Aliyeumia

Barua za mwezi huu zinahusu sindano ya kortisoni, ile ambayo wachezaji wengi huiita tu "sindano ya goti" hata inapodungwa begani au kisiginoni. Baadhi ya barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kando. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari atakayekushika hicho kiungo kwa mikono yake.

Daktari, nina umri wa miaka 39 na hucheza tenisi kila mwisho wa wiki. Mwaka jana kiwiko changu cha kulia kilianza kuuma upande wa nje, hata kuinua birika la chai ikawa taabu. Nilidungwa kortisoni, na baada ya siku chache maumivu yakaisha kabisa nikarudi uwanjani. Miezi mitatu baadaye yamerudi, tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Kliniki wanataka kunidunga tena. Nikubali? (Msomaji, Nairobi)

Ushauri wangu ni kwamba usikubali, na sababu nitazieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa barua nyingine zilizo hapa chini zinazitegemea.

Kortisoni na jamaa zake, yaani prednisoloni, deksamethasoni, methilprednisoloni, betamethasoni na triamsinoloni, zinafanana na kortisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo huitengeneza kila siku. Dawa hizi huingia ndani ya seli na kuzima jeni zinazoamrisha kutengenezwa kwa kemikali za uvimbe, na ndiyo maana mahali palipovimba, penye joto na maji, hutulia kwa haraka ya kushangaza. Lakini dawa hiyohiyo ina kazi ya pili ambayo haitajwi sana kliniki: hupunguza uwezo wa seli za kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi ambazo hulipa kano nguvu yake. Sasa maumivu yako, ambayo huitwa kiwiko cha tenisi ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi, kwa sehemu kubwa hayatokani na uvimbe. Kano la kiwiko hicho likitazamwa kwa hadubini, huonekana nyuzi zilizochakaa na kupoteza mpangilio wake, na seli za uvimbe huwa chache. Kupeleka kortisoni hapo ni sawa na kuwaita zimamoto kwenye nyumba inayoliwa na mchwa.

Yaliyokupata yamepimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Brisbane nchini Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 198 wa kiwiko cha tenisi. Ilipofika wiki ya 6, asilimia 78 ya waliodungwa kortisoni walikuwa wamepata nafuu, wakiwaacha mbali wale walioambiwa wasubiri tu. Baadaye, wengi wa hao waliofurahia nafuu hiyo walirudi nyuma. Mwaka 2013 watafiti wa mji huohuo wakaja na utafiti mwingine wa wagonjwa 165, baadhi wakidungwa kortisoni na wengine maji ya chumvi yasiyo na dawa. Mwaka mmoja ulipopita, waliopona kabisa au kupata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83 kwa waliopata kortisoni na asilimia 96 kwa waliopata maji ya chumvi, na maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya wale wa kwanza dhidi ya asilimia 12 ya wale wa pili. Kwa maneno mengine, sindano ilikununulia wiki kadhaa za raha, na wiki hizo ukazitumia kucheza tenisi juu ya kano lililokuwa bado bovu.

Anza na mtaalamu wa fiziotherapia. Zoezi la msingi atakalokupa halihitaji mashine. Laza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kifundo kikining'inia ukingoni, kisha shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, halafu kishushe kwa mkono mgonjwa peke yake, polepole, ukihesabu hadi nne. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, ilmradi kesho yake asubuhi yasiwe yameongezeka. Mwombe pia mtu anayejua raketi akuangalizie unene wa mpini na mkazo wa nyuzi, kwa sababu mara nyingi tatizo huanzia huko. Tarajia miezi, si wiki.

Daktari, shikamoo. Nina miaka 23 na ninacheza ligi ya mkoa. Mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino unaniuma nikiamka na ninapoanza mazoezi, ukipata joto unaacha. Kuna jamaa wa duka la dawa ambaye huwadunga wachezaji "dexa" palepale panapouma. Wenzangu wawili wamedungwa na wanacheza. Ligi inaanza baada ya wiki tatu. (Mchezaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Usidungwe hiyo "dexa", yaani deksamethasoni, na hata daktari bingwa akikwambia atakudunga ndani ya kano hilo, huo unaouita mshipa, ondoka.

Kano la kisigino ndilo nene na lenye nguvu kuliko yote mwilini, lakini unapokimbia na kuruka hubeba mara kadhaa ya uzito wako, hatua baada ya hatua. Kortisoni hulidhoofisha na, jambo ambalo kwa mchezaji ni hatari zaidi, huondoa maumivu ambayo yangekufanya upunguze mwendo. Wanaokatika kano hili husimulia jambo lilelile karibu wote: walisikia mlio, wakadhani wamepigwa teke kwa nyuma, wakageuka na kukuta hakuna mtu. Baada ya hapo ni upasuaji au kiatu maalumu cha kushikilia mguu, kisha miezi mingi nje ya uwanja, na wapo wasiorudi kwenye kasi yao ya zamani. Kwamba wenzako wawili wanacheza leo si ushahidi wa usalama. Waulize tena mwisho wa msimu.

Nikuulize na jambo jingine ambalo wachezaji husahau kulitaja: hivi karibuni umemeza antibiotiki iitwayo siprofloksasini, labda kwa sababu ya tumbo au mkojo? Dawa hiyo na wenzake wa kundi lake zinaweza kudhuru makano, hasa hili la kisigino, na hatari huongezeka zinapotumika pamoja na kortisoni. Zote mbili huuzwa kwa urahisi mno kwenye maduka yetu.

Tiba yenye historia nzuri kwa maumivu ya katikati ya kano ni mazoezi ya kushusha kisigino. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå nchini Uswidi, alikuwa na tatizo hilohilo. Mkuu wake alipokataa kumpasua, akaamua kulitesa kano lake kwa mazoezi mazito hadi liharibike vya kutosha kustahili kisu, na badala yake likapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wa ridhaa ambao baada ya wiki 12 za mazoezi hayo wote walirudi kukimbia.

Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Panda juu kwa mguu usiouma, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shuka nao polepole mpaka kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Fanya seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka na seti 3 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku kwa wiki 12. Yakizoeleka, vaa begi mgongoni na uongeze uzito taratibu. Ikiwa maumivu yako hayapo katikati ya kano bali chini kabisa, pale linaposhika mfupa, ishia usawa wa sakafu na usishuke zaidi.

Wiki tatu hazitoshi, na sitakudanganya kwamba zinatosha. Mweleze kocha sasa, ili akupangie dakika chache mwanzoni mwa ligi badala ya kukupoteza katikati yake.

Hizi steroidi mnazodunga magotini ndizo zilezile wanazotumia vijana wa jimu kuvimbisha misuli? Naogopa. (Msomaji, Mombasa)

Sizo. Za jimu ni jamaa wa testosteroni, homoni ya kiume, na kazi yake ni kujenga misuli. Hizi zetu ni jamaa wa kortisoli, na zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu hufanya kinyume: hukondesha misuli, hupunguza uimara wa mifupa na kufanya uso uvimbe. Kortisoni iliingia katika tiba mwaka 1948, pale Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walipompa mgonjwa wa baridi yabisi, na miaka miwili baadaye Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapata Tuzo ya Nobel. Kilichoanza kwa viungo vilivyovimba kwa ugonjwa ndicho kilichohamia kwa wanamichezo, na mara nyingi kilihamia kwa pupa.

Mimi hukimbia mbio za barabarani. Nina maumivu pembeni mwa nyonga, na picha ya ultrasaundi imeonyesha kifuko cha maji kilichovimba. Daktari ameniandikia triamsinoloni, na mbio zangu ni baada ya wiki tano. Rafiki yangu anasema sindano inaruhusiwa, kinachokatazwa ni vidonge tu. Ni kweli? (Mkimbiaji, Iten)

Rafiki yako anasoma kanuni za zamani. Hadi mwisho wa mwaka 2021, sindano ya kortisoni iliyodungwa ndani ya kiungo au kandokando ya kano ilikuwa halali. Tangu tarehe 1 Januari 2022, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, imekataza wakati wa mashindano sindano za aina zote za dawa hizi, popote zinapodungwa, pamoja na vidonge. Kwa kawaida "wakati wa mashindano" huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio na kuendelea hadi mashindano na upimaji wake uishe. Nje ya muda huo dawa haikatazwi, lakini mwili hauitoi kwa ratiba yako, na maabara hupima kilichomo ndani ya mkojo siku ya mbio bila kujali ulidungwa lini.

Kwa hiyo WADA imetoa muda wa chini wa kusubiri. Triamsinoloni ikidungwa kwenye kiungo au mahali maalumu kama hicho kifuko, muda huo ni siku 10. Ikidungwa kwenye msuli, tuseme tako, ni siku 60. Wewe una siku 35. Chupa ni ileile, daktari ni yuleyule, lakini muuguzi akikosea mahali pa kudunga, au akaamua kukuchoma takoni "ili ienee vizuri", utakuwa umesimama kwenye mstari wa kuanzia ukiwa na siku 25 za deni. Kwa deksamethasoni, betamethasoni na methilprednisoloni muda ni mfupi zaidi: siku 3 kwa sindano ya mahali maalumu na siku 5 kwa sindano ya msuli. Muulize daktari wako kama mojawapo ya hizo haikufai. Mimi ningeanza na swali hilo.

Kenya imekwisha kuumizwa na dawa hii. Diana Kipyokei alishinda Boston Marathon ya Oktoba 2021, mkojo wake ukakutwa na triamsinoloni, akanyang'anywa ushindi na kufungiwa miaka 6, adhabu ambayo ilijumuisha kosa la kuvuruga uchunguzi. Hakuwa peke yake miongoni mwa wakimbiaji wa nchi hiyo katika kipindi hicho. Siamini kwamba kila aliyekamatwa alikusudia kudanganya, lakini kanuni haiulizi nia kwanza; inauliza nini kimekutwa mwilini mwako, na mwili ni wako.

Ukikubali kudungwa, hakikisha daktari ameandika kwenye faili jina kamili la dawa, kiasi kwa miligramu, tarehe, na mahali hasa ilipodungwa, kisha uchukue nakala. Piga picha ya boksi la dawa kwa simu. Wasiliana na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni, kabla ya sindano, kwa sababu kibali cha kutumia dawa kwa ajili ya tiba kipo na huombwa kwa maandishi yenye ushahidi. Barua ya daktari iliyoandikwa baada ya majibu ya maabara kutoka huleta maswali mengi zaidi.

Kuhusu tiba yenyewe, kifuko cha maji kilichovimba ni mahali ambapo kortisoni huweza kusaidia kweli. Ila chunguza pia makano ya misuli ya tako, kwani mara nyingi maumivu ya pembeni mwa nyonga hutoka huko hata picha inapoonyesha maji, na hapo tunarudi kwenye jibu la msomaji wa Nairobi.

Mwanangu wa miaka 14 anacheza mpira na ana uvimbe mgumu unaouma chini ya goti. Kocha anataka adungwe ili acheze mashindano ya shule. (Mama, Mwanza)

Hapana, mama. Katika umri huo, maumivu pale kano la goti linaposhika mfupa wa muundi kwa kawaida hutokana na sehemu ya mfupa inayokua kuvutwa mno na misuli ya paja. Huisha mfupa unapomaliza kukua. Kumdunga kortisoni hapo kunaweza kudhoofisha kano na kuharibu ngozi, bila kuponya chochote. Apunguze kuruka na kukimbia, anyooshe misuli ya paja, akande barafu baada ya mchezo. Akiamshwa usiku na maumivu, akipata homa, au uvimbe ukiongezeka hata anapopumzika, mpeleke hospitali akapigwe eksirei, kwani hilo ni jambo jingine kabisa.

Mimi ni mwalimu wa michezo, umri miaka 48, na nina kisukari. Nilianguka nikifundisha netiboli, na tangu hapo bega limekuwa gumu, hata kufunga ushungi ni kazi, na usiku silali. Daktari anataka kunidunga ndani ya bega. Baada ya yote niliyosikia naogopa. (Mwalimu, Unguja)

Kwako, mwalimu, jibu langu linageuka. Bega lililoganda ni ugonjwa wa mfuko unaokizunguka kiungo, ambao huvimba kisha hukaza, na wenye kisukari hupatwa nao zaidi kuliko wengine. Katika miezi ya mwanzo, wakati maumivu ya usiku ndiyo makali, kortisoni ikidungwa ndani ya kiungo huyapunguza kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo za kufanyia mazoezi ya kulirudishia bega mwendo wake. Kabla ya hapo, bega lipigwe picha, kwa kuwa ulianguka, ili ijulikane kwamba hakuna kano lililochanika wala mfupa uliopasuka.

Kisukari hakikuzuii, bali kinakudai uangalifu. Sukari hupanda baada ya sindano, mara nyingi kuanzia siku ileile, na inaweza kukaa juu kwa siku kadhaa hadi wiki. Pima mara nyingi zaidi katika siku hizo, asubuhi kabla ya kula na jioni, na ukubaliane mapema na daktari wako wa kisukari ufanye nini ikivuka kiwango atakachokutajia. Ikiwa sukari yako tayari haijatulia, sindano isubiri.

Mambo mawili zaidi, ambayo ni heri uyajue mapema. Usiku wa kwanza au wa pili bega linaweza kuuma zaidi kabla ya kutulia. Barafu na parasetamoli hutosha. Lakini likiendelea kuwa jekundu na la moto baada ya siku tatu, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maambukizi ndani ya kiungo ni nadra ila huharibu haraka. La pili ni ngozi: dawa ikivuja karibu na uso wa ngozi inaweza kuacha baka jeupe na kibonyeo, na kwenye ngozi nyeusi baka hilo huonekana waziwazi na huchukua miezi mingi kufifia. Ndani ya bega hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa sindano huenda kina kirefu. Kwenye kifundo cha mkono au kisigino ni kubwa zaidi.

Nina miaka 52 na nacheza mpira wa maveterani. Goti langu limelika na hudungwa kila baada ya miezi mitatu, huu mwaka wa pili. Naendelea kucheza. Kuna ubaya? (Msomaji, Muscat)

Upo. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 140 wenye magoti yaliyolika, nusu wakidungwa triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka 2, na nusu maji ya chumvi. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, lilipungua zaidi kwa waliopata dawa, na kuhusu maumivu, mwisho wa miaka hiyo miwili makundi hayakutofautiana. Ratiba hiyo inafanana na yako. Sindano moja goti linapofura ghafla, ili uweze kuanza mazoezi ya paja, ina maana. Sindano ya kalenda, ili ucheze mechi ya Ijumaa, sioni inachokupa. Mpira wa kukata kona na kusimama ghafla ubadilishe kwa baiskeli au kuogelea, na kama una kilo za ziada, kupunguza hata chache hulisaidia goti.

Ikiwa umeanza kuzungumza na daktari wa upasuaji juu ya goti la bandia, mwambie tarehe ya sindano yako ya mwisho. Wengi wao husubiri angalau miezi 3 baada ya kortisoni kabla ya kupasua, kwa kuogopa maambukizi, na ukificha tarehe hiyo hatari ni yako.